Mama Mchungaji Hakuchonga Ng'ombe Asiyemjua

Kigera nzima tulimwita Mama Mchungaji, ingawa mchungaji mwenyewe, mumewe, alikwisha kuzikwa kabla mimi sijahamia mtaa ule. Jina lake la ubatizo nililisikia likisomwa kanisani mara moja tu, nikageuka kutafuta nani kaitwa. Ndiye mwanamke pekee niliyemjua Musoma aliyechonga wanyama wa mti, wadogo wa kutosha kiganjani, na alikuwa na mdomo. Jamani, yule mama alikuwa na mdomo! Ukimsalimia umechelewa, anakuuliza jua limekuchomozea saa ngapi.

Mimi nauza dagaa soko la Mwigobero, na kilichonipeleka kwake si kupenda kuchonga. Ni baba.

Baba alikuwa mfugaji, Butiama. Wezi walimsafishia zizi miaka mingi iliyopita, hawakumwachia hata ndama, naye akanyamaza, akashika jembe, maisha yakaenda. Uzee ulipomwingia kichwani ndipo ng'ombe wakarudi. Alfajiri anaamka, anatoka kwenda kuwatafuta, na zaidi ya wote anamtafuta jike mmoja aliyeitwa Shuka, mwekundu mwenye weupe mpana mgongoni kama aliyejitanda. Kaka yangu anayekaa naye alikuwa anamkuta mbali huko kwenye njia ya Bunda, miguu imevimba, anauliza wapita njia kama wamemwona. Siku moja alilala porini na mvua ikamnyeshea. Akaletwa kwangu Musoma kifua kikikoroma, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba akilala nje tena, kifua kile hakitavumilia.

Na mimi hakunijua. Aliniita "mama mwenye nyumba", akanishukuru kwa chakula kwa adabu zote za mgeni. Nililia chooni ili asinione.

Kwa kuwa nikimwacha nyumbani angetoka, nilikuwa naenda naye sokoni, namkalisha nyuma ya meza yangu. Mama Mchungaji alikujaga kwangu kununua dagaa, na alichagua mmoja mmoja kama anaposa, wenzangu wakivunjika mbavu kwa kicheko. Siku hiyo aliweka kikapu chini, baba akapeleka mkono ndani, akatoa kondoo wa mti. Akamshika. Akampapasa mgongo, akamgeuza, akamtia chini ya koti. Mpaka tunafunga biashara hakuwa ameuliza njia ya kwenda popote.

Nikamwambia Mama Mchungaji, "Mama, nakuomba umchongee ng'ombe. Ng'ombe wake mwenyewe, Shuka."

"Huyo Shuka mimi simjui."

"Nitakueleza alivyokuwa."

"Utanieleza nini? Ng'ombe si habari ya kuelezwa." Akamtazama baba, kisha mimi. "Wewe unamjua?"

"Kidogo."

"Basi njoo kwangu nikufundishe kisu, utamchonga mwenyewe. Na uje na kanga nyingine. Hiyo inanuka ziwa."

Kondoo alimwachia baba. Hakusema amempa, alijifanya amesahau.

Alichongea barazani kwake, amekaa kwenye kipande cha benchi la kanisa lililovunjika, gunia mapajani, koti la marehemu mumewe juu ya kitenge hata jua likiwaka. Miwani aliifunga kwa kamba ya kiatu. Na aliimba. Lakini miaka yote ya kwaya aliimba sauti ya pili, basi hata akiwa peke yake aliimba sauti ya pili tu, ile inayopanda kidogo na kushuka kidogo na kungoja wenzake. Ungekaa naye asubuhi nzima usijue ni wimbo gani. Nikimuuliza, anashangaa. "Si huo tunaouimbaga Pasaka! Huna masikio?"

Kuchonga alianza kwa sababu ya watoto wa shule ya Jumapili. Aliwasimulia habari za safina, wakamuuliza wanyama waliingiaje, naye picha hakuwa nazo, akaokota tawi la mpera akaanza na kuku. Aliwachonga wengi. Mzee mmoja wa kanisa alipokuja kukagua akaona kuku ni mkubwa kuliko simba, akauliza kulikoni. Mama Mchungaji akamjibu, "Kuku wanamjua. Simba wamemsikia tu." Mzee akasema watoto watapotoka. Akaambiwa achonge yeye simba wake amlete Jumapili ijayo, na kisu ataazimwa. Hatukumwona barazani tena.

Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni yake, na ndiyo iliyomfanya anikatalie Shuka. Hakuchonga mnyama ambaye hajaishi naye karibu. Watu walimwomba twiga kwa sababu twiga anapendeza juu ya televisheni. Akawaambia waende mbugani wakamwombe twiga mwenyewe. Kenge alimchonga vizuri mpaka unaogopa kumshika, kwa kuwa kenge walikuwa wakiiba mayai yake. Paka, bata, kondoo, mbwa wa jirani mwenye sikio moja. Mbuzi alimshinda. Alijaribu na kujaribu, akamtupia jikoni. "Mbuzi ana dharau," alisema, "na dharau haikai kwenye mti."

Ajabu yake ni hii: aliogopa ng'ombe. Yeye, mtoto wa wafugaji! Kundi likipita barabarani Kigera linakwenda kunywa maji, Mama Mchungaji anavuka upande wa pili na kujibanza ukutani, midomo ikitembea kwa sala. Alipokuwa msichana dume lilimpiga pembe pajani, na kovu hilo lilikuwa sababu ya kutembea akiegemea upande. Nilicheka mara ya kwanza nilipomwona amejibana vile. Hakukasirika. "Cheka," alisema, "lakini ndiyo maana najua kichwa cha dume kimekaaje. Nilikiona karibu kuliko nilivyotaka."

Kufundisha kwake kulikuwa mateso. Nilidhani nitaanza na ng'ombe, nikaambiwa nichonge yai. Yai! Mwanamke mzima, nina watoto wanaonyoa ndevu, nimekaa barazani nachonga yai. La kwanza lilitoka kama kiazi. Akalizungusha mkononi, akalitia kwenye kikapu cha kuni. La pili pia. Nilijikata kidole gumba, akanifunga kitambaa bila pole yoyote, akanionyesha tena namna ya kuweka gumba nyuma ya makali, si mbele. Nilipofanikiwa kutoa yai ambalo linabingirika sawasawa alisema, "Haya." Nilikuja kujua baadaye kwamba hiyo "haya" ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Mchungaji mwenyewe, nasikia, siku ya harusi aliambiwa "haya".

Kutoka yai nilikwenda kwenye kuku aliyelalia, ambaye ni yai lenye kichwa na mkia. Kisha bata. Mti aliupata bure kwa mafundi wa umeme waliokata matawi ya mijakaranda yaliyogusa nyaya; aliwafuata na toroli akiwagombeza kwamba wamekata vibaya, nao wakampakilia. Aliuchonga ungali mbichi, laini, na kazi ikikatizwa jioni aliifunga kwenye mfuko wa nailoni ili isikauke haraka ikapasuka. Nyumbani kwake chini ya kitanda kulikuwa na wanyama nusu nusu waliofungwa mifuko, wengine vichwa tu.

Kwenye miguu ndipo nilipoteseka zaidi. Mnyama wangu wa kwanza wa kusimama, mbwa, alikatika miguu yote. Mama Mchungaji akaniokotea kipande kimoja. "Tazama nyuzi za mti. Zimelala hivi, na mguu umesimama hivi. Lazima ukatike." Nyuzi zinatakiwa zishuke pamoja na miguu, na miguu yenyewe unaiacha imeshikana kama ukuta mmoja mpaka mwisho wa kazi. Ukiitenganisha mapema kwa uroho wa kuona mnyama amesimama, unamvunja. Nilikuwa na uroho huo. Kondoo hakumtuliza muda mrefu; baba alidai kwao mpaka akarudishwa Butiama, na sasa kaka anapiga simu: mzee karuka ukuta, mzee kapatikana Makutano, mzee anakohoa. Nilitaka ng'ombe aishe leo.

"Mama, baba yangu atakufa huko barabarani," nilimwambia.

"Najua," alisema. "Na ukimpelekea ng'ombe asiye na miguu atapona?"

Kisu chake hakikugusa kazi yangu hata siku moja. Aliweza kukaa ananitazama naharibu, anauma midomo, mkono unamwasha, asiguse. Nilipombembeleza anirekebishie shingo tu, alikataa katakata. "Nikigusa mimi, atakuwa wangu. Baba yako ananitafuta mimi?"

Hatimaye nilichonga ng'ombe. Nisiseme uongo, alikuwa mzuri. Nundu imejaa, shingo nene, pembe zimepanda sawasawa pande zote mbili, tumbo la kushiba. Nilimsugua kwa msasa mpaka akang'aa, nikampaka mafuta ya kula kidogo. Watu wa mtaani walimpitisha mkono kwa mkono, mmoja akataka kujua zizi lake liko wapi akamchukue kuposea. Nikampelekea mwalimu wangu nikiwa nimevimba kichwa.

Alimtazama mbele na nyuma. "Huyu ni wa mahari," akasema.

"Kwani vibaya?"

"Si vibaya. Sisi watu wa Mara wote ndivyo tunavyofanyaga. Mpe mtu wa huku kisu, mwambie achonge ng'ombe wa kwao, atakuchongea yule anayemtamani. Kwao wana vijing'ombe vimekonda vinatambaa, yeye anakuletea dume la maonyesho." Akanirudishia. "Mpelekee mzee. Yeye ndiye ajuaye."

Nikaenda Butiama na ng'ombe wangu kwenye kanga mpya. Baba alikuwa amekaa mlangoni, amepungua, mashavu yameingia ndani. Nikamwekea mikononi. Akampapasa kwa muda mrefu, na uso wake ukafurahi.

"Mzuri sana," akasema. "Wa nani huyu?"

"Wako, baba."

"Wangu?" Akamgeuza tena, furaha ikamtoka. "Hapana, mama. Mimi sina ng'ombe wa namna hii. Mrudishe kwa wenyewe kabla hawajaja, watatusingizia wizi."

Akanirudishia kwa mikono miwili. Kesho yake alfajiri akatoka tena.

Nilirudi Kigera nimekasirika. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia jakaranda, nikamtupa yule ng'ombe barazani kwa Mama Mchungaji, nikasema nimeacha, nina biashara yangu, mimi si fundi. Alimwokota akamfuta vumbi. Hakunibembeleza. Aliniambia nikae, akaninywesha uji wa ulezi, na nilipomaliza kupenga kamasi akaniuliza swali ambalo angeweza kuniuliza tangu siku ya kwanza, kama si kwamba siku ya kwanza nisingekuwa na kisu cha kulijibia.

"Wewe ulikuwa unakaa wapi?"

"Kukaa wapi, mama?"

"Na huyo Shuka. Ndugu zako wa kiume walikuwa nyuma yake na fimbo. Baba yako alisimama mbele akimtazama. Wewe ulikuwa unakaa wapi?"

Nikasema kwetu wasichana ndio waliokamua. Nilikaa chini, ubavuni, kibuyu katikati ya magoti.

"Kichwa chako kiko wapi?"

Hilo swali lilinifanya nifumbe macho. Paji la uso wangu lilikuwa limebanwa kwenye kile kishimo cha ubavu, mbele ya nyonga. Kilikuwa kishimo kirefu, kwa sababu Shuka aliwahi kutumbukia mtaroni, na mfupa wa nyonga ya upande ule ulitokeza nje. Ulikuwa unanigusa sikioni. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba hakuwa anatazama mbele akikamuliwa. Aligeuza shingo yote nyuma kumtazama ndama, mpaka nilikuwa nasikia pumzi yake shingoni mwangu. Na mguu wa nyuma aliutanguliza hatua, akikupa nafasi. Nundu yake ilikuwa ndogo, imelala. Nilisema mengi siku ile. Sikujua kama ninayo.

"Basi anzia hapo kwenye kishimo," alisema Mama Mchungaji. "Pembe utazifikia zikifika."

Nilianza siku hiyohiyo. Sikuchora chochote juu ya mti. Nilichimba kishimo kwanza, kwa ncha ya kisu, nikawa naweka kidole gumba ndani kupima, mpaka kidole kikakaa mahali pake. Halafu nyonga, halafu shingo inayogeuka. Niliacha miguu ukuta mmoja, na uroho ulikuwa umeniisha. Yeye upande wake alichonga bata na kuimba sauti yake ya pili, na mara mbili tatu nilimkuta ameacha kisu ananitazama.

Kabla sijamaliza, mguu wake ulimzidi. Mwanawe alikuja na gari akamhamishia kwake Bunda, kule Manyamanyama, na Mama Mchungaji akaondoka Kigera akiwa amepakatia mifuko yake ya nailoni, akimgombeza kijana kwamba anaendesha gari kama amebeba mchanga. Baraza likabaki tupu. Sikutegemea kuumia kiasi kile. Mtu amenitukana karibu kila siku, nikapita pale nikamkosa kama mama yangu mzazi.

Miguu niliitenganisha peke yangu, nyumbani, nimezuia pumzi. Hakuna uliokatika. Nikapanda basi mpaka Bunda nikamkuta amekaa kwenye ua wa saruji, hana mti wa kuchonga, amekonda, amenuna. Mkwewe alikuwa amemkatazia vumbi la mbao. Nikamfungulia kanga. Alimshika ng'ombe, akafumba macho, akatembeza kidole gumba ubavuni mpaka kikaingia kwenye kile kishimo kikatulia.

"Haya," akasema. Kisha akaanza kutafuta viatu. "Twende."

"Wapi, mama?"

"Kwa baba yako. Unadhani nimekaa na wewe barazani muda wote ule ili nisimuliwe kwa simu?"

Mkwe akapiga kelele kwamba mama anaumwa mguu. Mama akasema mguu utaumwa hata ukikaa. Tulipanda basi, tukashuka Makutano tukachukua bodaboda, mimi nyuma, yeye katikati amekaa upande na koti la marehemu, akimwamuru yule kijana wa bodaboda apunguze mwendo, apige honi, asipige honi, asipite karibu na ng'ombe. Palikuwa na kundi kando ya njia. Alinishika mkono akaufinya mpaka tukalipita.

Tulimkuta baba ndani. Usiku wa juzi alitoka tena, kaka akamkuta mtaroni, na sasa alikuwa amelazwa kitandani, kifua kinapanda na kushuka kwa kazi, lakini macho yalikuwa mlangoni na mkono unatafuta ukingo wa kitanda. Kaka alikaa mlangoni kumzuia, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Baba alitusalimu kwa heshima, akatuuliza tumetoka pande zipi, na kama njiani tumeona jike jekundu.

Nilimwekea ng'ombe kifuani.

Mikono yake ikamkuta. Ikapita mgongoni, ikafika kwenye nundu iliyolala, ikarudi nyuma, ikagusa nyonga, ikasimama. Akaifuata shingo ile iliyogeuka, polepole, mpaka puani. Nilimsikia Mama Mchungaji akipumua pembeni yangu.

"Shuka," baba akasema.

Kaka aliinuka mlangoni. Baba akamvuta ng'ombe karibu na shingo yake, na machozi yakamshuka kuelekea masikioni kwa vile alivyolala. Halafu akawa na haraka, akawa mwenye nyumba tena, akatutazama sote kwa ukali.

"Mnasimama tu? Anaangalia nyuma, ndama yuko tayari. Mwiteni Nyangeta aje amkamue. Huyu hakubali mtu mwingine."

Nyangeta ni mimi. Nilifungua mdomo nimwambie, baba, mimi hapa. Mama Mchungaji akanibana mkono kwa vile vidole vyake vigumu.

"Anakuja, mzee," akamjibu baba, kwa sauti laini ambayo sikuwahi kuisikia Kigera. "Ananawa mikono."

Akanisukuma nje. Nilikwenda jikoni, nikamimina maji kwenye beseni, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama mama alivyotufundisha, nikaikausha kwa kanga. Kisha nikarudi, nikaingia kwa mlango ule ule, nikachuchumaa ubavuni mwa kitanda.

"Baba, nimekuja."

Akanitazama usoni, akaniona.

"Umechelewa, Nyangeta," akasema. "Haya, kaa. Leo siendi kokote."